Jezi Kumi, Wasichana Kumi na Mmoja

Udongo wa kichuguu ukitwangwa mpaka ukawa unga, ukalowekwa na kuchanganywa na samadi mbichi ya ng'ombe, hutoa harufu ambayo mgeni ataizibia pua na mwenyeji hataisikia kabisa. Ni harufu ya sakafu mpya, ya nyumba inayosubiri harusi. Mimi nikiinusa nakumbuka uwanja wa mpira wa kikapu nyuma ya madarasa ya shule yetu ya sekondari, Ifakara, mwaka niliokuwa kidato cha pili. Saruji hatukuwa nayo. Tulikuwa na vichuguu vya kumwaga, tulikuwa na miguu ya kukanyagia, na samadi tuliletewa kwa baiskeli na msichana aliyeitwa Minza, gunia zima limefungwa kwa mpira nyuma, maji ya samadi yakimchuruzika mpaka kwenye soksi. Tulisiliba uwanja ule kwa viganja vyetu kama mama zetu walivyosiliba nyumba. Kila mvua ilipoubomoa, tulianza upya, na Minza akaenda tena kuleta gunia. Nasema haya mapema ili msomaji ajue ni nani aliyeujenga uwanja, maana baadaye nilifanya kila niwezalo ili lisahaulike.

Aliyetutia wazimu wa kikapu alikuwa Mwalimu Haruka, Mjapani wa kujitolea aliyekuja kutufundisha hisabati. Alikuwa mfupi, mwenye subira ya punda, na Kiswahili chake kilikuwa na adabu kuliko chetu. Alimwamkia hata mpishi wa shule shikamoo. Sisi tulidhani Wajapani wote wanaishi kwenye maghorofa na magari ya moshi yanayokwenda kasi kuliko mshale. Yeye akacheka, akasema kwao ni mashambani, mkoa wa baridi na theluji, na kazi ya watu ni mpunga. Mpunga! Darasa zima liliguna. Kumbe kuna Wajapani wanaopinda migongo matopeni kama mama zetu. Ukutani nyuma ya darasa alibandika picha ya timu ya mkoa wao, timu ya kulipwa, wanaume warefu kama minazi wamevaa jezi za kijani zenye suke la mpunga la rangi ya dhahabu kifuani. Ilikuwa timu ya kufungwa zaidi ya kufunga, alituambia bila kuona haya. Mwaka mmoja ilikaribia kufa, wenye maduka na wakulima wakaichangia kidogo kidogo, na tangu hapo watu wa mkoa huona kila mchezaji ni mtoto wa nyumba yao. Majira ya kupanda, wachezaji huenda shambani na watoto wa shule, wale majitu wanazama matopeni hadi magotini huku vibibi vikiwacheka.

Katika wachezaji hao mmoja alikuwa Mwafrika, kutoka Senegali. Sisi tulimpenda yeye bila hata kumwona akicheza. Tukamwuliza mwalimu kama watu wa kule wanamkubali, maana yeye si wa pale. Mwalimu Haruka akasema kuna bibi jirani yao ambaye hajui hata mpira una pointi ngapi, lakini kila mechi ya nyumbani humpelekea yule Msenegali matonge ya wali. Ukimwuliza kwa nini, hujibu kwamba anakula mchele wetu, kwa hiyo ni wa kwetu. Hesabu yake imekwisha hapo. Nililisikia neno hilo kwa masikio yangu mawili, nikiwa nimekaa dawati la mbele. Siwezi kusingizia kwamba siku hiyo sikuwapo.

Tulikuwa wasichana kumi na mmoja tuliozoea kubaki uwanjani baada ya masomo, tukajiita Masuke. Nahodha wetu alikuwa Gaudensia, binti mnene kidogo mwenye sauti ya mkuu wa gereza. Minza alikuwa mkali kuliko sote. Baba yake, Mzee Masanja, alikuwa Msukuma aliyehamia bondeni na mifugo yake miaka ya nyuma, na binti yake alikuwa na mkono wa mchungaji. Aliyezoea kumrushia fimbo ng'ombe mkaidi na kumpata, kikapu kitamshinda nini? Kila asubuhi alitusalimia "mwangaluka" mpaka nasi tukaanza kujibu kwa Kisukuma chetu cha kuvunjika. Mimi, Restituta, nilikuwa na urefu tu. Mpira ulinijia nikaukumbatia kama ndoo ya maji, nikasimama nao. Isitoshe nilikosa mazoezi mara kwa mara, kwa sababu mpunga ukianza kutoa masuke, mimi ndiye niliyepelekwa shambani kuamia ndege: kukaa juu ya dungu tangu alfajiri, kupiga debe na kupiga kelele mpaka sauti ikauke. Nikirudi shule Jumatatu wenzangu wamejifunza pasi mpya, na mimi nimejifunza kumtukana kwelea.

Minza alikuwa rafiki yangu. Lisingekuwa hilo, labda ningelala vizuri zaidi. Siku moja alinichukua nikamsindikize kuchota samadi kwao, nje ya mji, tukapita barabara ya kuelekea Michenga kisha tukakata porini. Mama yake alinipa maziwa ya mgando katika kibuyu, nikanywa mpaka nikajipangusa kwa mkono. Ndipo Minza akanionyesha jinsi wanavyowatambua ng'ombe wao hata wakichanganyika na mia ya watu wengine. Alimshika mmoja, akalikunja sikio la kushoto taratibu, akanionyesha mikato miwili imekaribiana. Alama ya ukoo, akasema, na kwamba baba yake hapendi sana watu wa nje waijue, kwa sababu wapo wanaoweza kuitumia vibaya. Akacheka. Akasema mimi si mtu wa nje.

Mwezi wa tano boksi likafika posta kutoka Japani. Chama cha mashabiki wa timu ile kilikuwa kimekusanya jezi zilizokwisha kutumika, zikafuliwa, zikakunjwa, kila moja imefungwa kwa uzi. Tulilifungua boksi darasani Ijumaa baada ya kengele ya mwisho. Nilitamani jezi ile kama mtu anavyotamani maji kiangazi. Sijawahi kutamani kitu hivyo tena, hata mwanamume. Zilikuwa kumi. Tulihesabu mara tatu, kana kwamba kuhesabu kungezaa ya kumi na moja. Wiki tatu mbele tulikuwa na mechi Kidatu, dhidi ya shule ya watoto wa wafanyakazi wa miwa, na asiye na jezi hangepanda basi. Mwalimu Haruka alitutazama, akasema si yeye atakayechagua wa kubaki. Kwao mambo ya timu huamuliwa na watu wenyewe kwa mazungumzo, nasi tumekuwa wakubwa. Akatoka na kufunga mlango. Maskini, alituheshimu.

Gaudensia hakuzunguka mbuyu. Alisema haki ni kwamba aliyekosa mazoezi mengi ndiye abaki. Hakunitaja, lakini shingo zote zilinigeukia. Nilikosa mazoezi kwa kuwa nililinda chakula cha nyumbani. Hilo ningelisema, nadhani wangenielewa, pengine Minza angekuwa wa kwanza kunitetea. Sikulisema. Wiki ile baba alikuwa amerudi kutoka shambani amenuna, akasema kipande kizima cha mpunga upande wa mto kimekwisha usiku mmoja, basi, akanawa na kula. Nikalichukua neno hilo la baba nikalifanyia kazi yangu. Nikasema kwamba mwalimu ametufundisha timu ni ya watu wa mahali, na mpunga ulio kifuani pa jezi ni jasho la watu wa mahali. Sasa itakuwaje avae jezi hiyo mtoto wa mtu ambaye ng'ombe wake wamekula mpunga wetu Jumamosi? Gaudensia akauliza nimejuaje. Nikajibu niliwaona kwa macho. Na kwa kuwa hawakuelekea kuniamini, nikaongeza: sikio la kushoto, mikato miwili.

Minza alikuwa amekaa mita mbili kutoka kwangu, miguu yake imetapakaa udongo wa uwanja. Hakupandisha sauti. Alisema, "Resti, Jumamosi nilikuwa mchungani mimi mwenyewe."

Nikamjibu, "Basi ni wewe uliyewalisha."

Ulimi hauna mfupa, wazee walisema, na wangu siku hiyo haukuwa hata na aibu. Minza alinitazama, akachukua daftari zake akatoka. Hakuna aliyemfuata. Gaudensia aligawa jezi. Mimi nikapata namba nane. Niliivaa chini ya sare ya shule nikatembea nayo hadi nyumbani, na nitasema ukweli, njiani nilikuwa na furaha.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Aliyesema hivyo hakuishi bondeni kwetu, ambako njia ya mwongo hufagiliwa na kuwekewa mawe pembeni. Jumapili baada ya misa habari ilikuwa imezunguka: Masanja amelisha shamba, binti wa fulani ameona alama. Ule ulikuwa mwaka wa maneno mengi kati ya wakulima na wafugaji, na kila mtu alikuwa na donge lake kooni. Jioni baba aliniita nikiwa napakua ugali. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kunichapa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Uliwaona?"

Hapo ndipo ningerudi. Mlango ulikuwa wazi. Ningesema baba nimeropoka, ilikuwa habari ya jezi, angenigombeza, mambo yakaisha. Lakini ningelazimika kuivua. Nikasema, "Niliwaona."

Jumanne tulikwenda kwenye ofisi ya kijiji lilikokuwa shamba letu, ambacho jina lake sitalitaja, wenyewe watajijua. Watu walijaa mpaka madirishani. Niliitwa mbele nikiwa nimevaa sare, nikaulizwa maswali mawili, siku na alama, nikajibu yote mawili bila kusitasita kama mtoto anayesoma shairi. Mzee Masanja alikuwa amesimama na fimbo yake ameiegemeza ukutani nje, kwa heshima. Minza alikuwa nyuma yake. Hakuna aliyemwuliza Minza kitu. Mwenyekiti alipomwambia mzee ajitetee, alinitazama kwanza, si kwa hasira, zaidi kama mtu anayetafuta mahali alipowahi kuniona, na nadhani alikumbuka kibuyu cha maziwa. Kisha akasema, "Mimi watoto wangu hawajawahi kunidanganya, kwa hiyo sijui namna ya kumwita mtoto wa mwenzangu mwongo." Akakaa. Aliamriwa kumpa baba ng'ombe jike na ndama wake, na kuiondoa mifugo yake kwenye ardhi ya kijiji kabla mwezi haujaandama. Akatoa. Wiki iliyofuata walivuka mto, watu na mifugo, na Minza akavuka nao. Alikuwa wa pili darasani kwa hisabati.

Mwalimu Haruka aliuliza Minza yuko wapi. Tulikuwa kumi mbele yake, tumevaa kijani. Gaudensia akasema wamehama, Wasukuma huhama, ndiyo desturi yao. Mwalimu akaandika kitu katika daftari lake, na mimi nikachunguza kucha zangu. Kidatu tulifungwa vibaya. Niliingizwa dakika nne za mwisho, nikagusa mpira mara moja, nikautupa nje. Ndiyo jumla ya yote niliyoyanunua. Baada ya mechi mwalimu alitupiga picha na kuituma kwao, na huko wakaibandika kwenye mlango wa ukumbi wa timu ili kila anayeingia atuone. Baada ya miezi miwili ikaja barua ya bibi mmoja, mwalimu akaitafsiri mbele ya darasa: kwamba ameambiwa nasi tunalima mpunga, kwa hiyo sisi pia ni wa kwao, na tukifika tutakula kwake. Wenzangu walipiga makofi. Mwanamke ambaye hajawahi kunywa hata maji yangu alinifanya mtoto wake kwa karatasi moja. Mimi niliyekunywa maziwa ya kina Minza niliomba ruhusa, nikaenda chooni, nikakaa huko mpaka kengele ikalia.

Yule ng'ombe alikaa kwetu miaka sita. Maziwa yake yaliuzwa, yakaninunulia madaftari na viatu, na ndama wake alipokua akauzwa nikaenda chuo cha ualimu. Sasa nafundisha shule ya msingi upande wa Kisawasawa, chini ya milima, na watoto wangu darasani ni Wandamba, Wapogoro, Wahehe na Wasukuma waliozaliwa hapahapa, wanatukanana na kupatana kwa lugha moja. Mwalimu Haruka alirudi kwao zamani, lakini simu zimefanya dunia kuwa kibaraza. Hunitumia vipande vya video vya timu yake. Bado wanafungwa. Ukumbi bado umejaa kijani, na nahodha wao wa sasa ni kijana ambaye mama yake anatoka Naijeria na baba ni wa palepale, vibibi vinalitaja jina lake kama vinaita mjukuu aje kula. Mwaka huu, kabla ya palizi, mwalimu aliniandikia kwamba timu inatengeneza ukuta wa kumbukumbu, ile picha ya Kidatu itawekwa, na wanataka majina ya wasichana wote waliojenga uwanja wa udongo. Wote, aliandika, hata aliyehama.

Nilikaa na ujumbe ule siku nne. Siku ya tano nikapanda bodaboda hadi kwa baba. Amezeeka, mama amekwisha kututoka, anashinda kibarazani akisuka migono ya kuvulia samaki ambayo hana nguvu tena za kwenda kuitega. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia yote: jezi, Gaudensia, sikio la kushoto, kwamba sikuona ng'ombe hata mmoja. Nililia kama mtoto. Nilingoja anipige, au aseme amelaaniwa kuzaa mtu kama mimi. Baba hakuacha kusuka.

"Nilijua," alisema. "Lile shamba lililiwa na kiboko, Resti. Nyayo zilikuwa pana kama sahani. Ni mtu gani wa kando ya mto asiyejua nyayo za kiboko? Mwenyekiti alizikanyaga mwenyewe. Tulikuwa tunataka waondoke, hatukuwa na wa kusema tu."

Na sasa ngoja niseme lile ambalo sijamwambia hata mume wangu. Nilichohisi kwanza, kabla ya hasira, kabla ya huruma kwa Mzee Masanja aliyeinamisha kichwa mbele ya watu wazima waliojua, kilikuwa nafuu. Kifua kilifunguka. Kumbe si mimi peke yangu! Kumbe kilikuwa kijiji kizima, mimi nilikuwa mdomo tu. Nilikaa katika nafuu hiyo kama mtu aliyepata kivuli, mpaka nilipomwona baba ananitazama pembeni, na nikaitambua sura yake: alikuwa amekaa katika kivuli hichohicho miaka yote. Kila mmoja wetu alikuwa amejificha nyuma ya mwenzake. Yeye alisema mtoto ameona, mimi nikasema wakubwa wameamua. Nikainuka nikaondoka bila kuaga vizuri, na tangu siku hiyo tunaongea habari za mvua.

Kwa mwalimu nilituma majina kumi na moja, la Minza likiwa la kwanza. Akanijibu kwa furaha, akauliza kama nina namba yake, angependa amsalimie. Namba ninayo. Mnunuzi mmoja wa mpunga anayevuka kwenda Malinyi alinipatia. Alisema Mzee Masanja alikwisha kufa, na Minza ana watoto watatu na genge la nafaka, mwanamke mcheshi, hesabu zake hazihitaji mashine. Zamani ningeweza kujitetea kwamba wamevuka mto, hawajulikani walipo, barua itawafikiaje. Siku hizi mnara wa simu unaonekana mpaka shambani, salio ninalo, na wiki iliyopita nilibonyeza nikaisikia inaita mara moja, mara mbili, kisha sauti ya mwanamke ikasema haloo, nani mwenzangu. Nilikuwa na neno moja tu la kweli la kumwambia. Siku ile darasani lilinitoka la uongo kabla hata hajamaliza kuvuta pumzi. Safari hii alisema haloo mara tatu, akanisubiri, na mimi nikakata.